Deni Ambalo Niatross Hakulikopa

Kwa wapenzi wa mbio za farasi wa vigari huko Amerika ya Kaskazini, Niatross ana sifa moja na lawama moja, na mara nyingi hutajwa kwa pumzi moja. Sifa ni kwamba katika zama zake hapakuwa na farasi wa kumweka kando yake uwanjani, na wapo wanaoamini kwamba hadi leo hajazaliwa. Lawama ni kwamba alipostaafishwa na kupelekwa shambani kuzalisha, watoto wake kwa ujumla hawakufikia matumaini yaliyokuwa yamelipiwa mamilioni ya dola. Hoja ya makala haya ni kwamba lawama hiyo haimhusu. Kosa lilifanywa na wenye fedha kabla mtoto wake wa kwanza hajatungwa mimba: walichukua jibu la swali moja, farasi huyu ana kasi kiasi gani, wakalifanya jibu la swali jingine kabisa, farasi huyu atazaa nini. Mnyama alijibu swali la kwanza kikamilifu. La pili hakuulizwa mtu yeyote aliyeweza kulijibu.

Msomaji aliyezoea mbio za Ngong jijini Nairobi, ambako mpanda farasi hukaa mgongoni na mnyama hutimka shoti, anahitaji kuelezwa tofauti. Katika mbio hizi farasi huvuta kigari chepesi cha magurudumu mawili, mwendeshaji akiwa ameketi nyuma yake, na shoti hairuhusiwi. Wapo farasi wanaokwenda matiti, mguu wa mbele wa kulia ukitupwa pamoja na wa nyuma wa kushoto. Wapo wengine wa mwendo wa upande, ambao miguu miwili ya upande mmoja hutangulia kwa pamoja, kisha ya upande wa pili. Mwendo wa upande una kasi zaidi kidogo, na huo ndio uliokuwa mwendo wa Niatross. Farasi akivunja mwendo na kuingia shoti, mwendeshaji hana budi kumrudisha huku wenzake wakimpita. Umbali wa kawaida ni maili moja, yaani karibu meta 1,609, na kwa kuwa umbali haubadiliki sana, saa imekuwa hakimu mkuu wa mchezo huu tangu karne ya 19. Mazoea hayo ya kuiamini saa ndiyo chimbuko la tatizo letu.

Niatross alizaliwa mwaka 1977. Baba yake alikuwa Albatross, Farasi wa Mwaka wa 1971 na 1972, na mama yake Niagara Dream, jike wa Elsie Berger. Kumfundisha na kumwendesha vyote vilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, Clint Galbraith. Mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka miwili tu, aliingia mashindanoni mara 13 na kushinda mara 13, akatangazwa Farasi wa Mwaka. Mwaka uliofuata alishinda mara 24 kati ya 26. Mashindano mawili aliyopoteza yalifuatana mwezi Julai. Kwanza, katika uwanja wa Saratoga jimboni New York, alikengeuka baada ya kuchapwa kiboko, akaangukia upande wa pili wa uzio wa ndani yeye, kigari na mwendeshaji wake. Kisha katika mchujo wa Meadowlands, New Jersey, akavunja mwendo na kupitwa. Farasi wengi wangetoka katika ajali ile wakiwa waoga wa uzio maisha yao yote. Yeye alirudi akashinda fainali ya Meadowlands, iliyokuwa na zawadi ya zaidi ya dola milioni moja, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa ametwaa Cane Pace, Little Brown Jug na Messenger Stakes, mashindano matatu ambayo kwa pamoja ndiyo taji kuu la farasi wa miaka mitatu wa mwendo wake. Alikuwa pia farasi wa kwanza wa vigari kuvuka dola milioni mbili za zawadi.

Lakini siku inayotajwa zaidi ni tarehe 1 Oktoba 1980, katika uwanja wa Red Mile, Lexington, jimboni Kentucky. Siku hiyo hakuwa na mshindani. Lilikuwa jaribio la saa: farasi mmoja dhidi ya muda, akisindikizwa na farasi wengine wanaokwenda shoti ili kumchochea asilegee. Rekodi ya dunia ya maili moja ilikuwa dakika 1 na sekunde 52, iliyowekwa na Steady Star mwaka 1971. Niatross alitumia dakika 1 na sekunde 49.2. Katika mchezo ambao rekodi hupunguzwa kwa sehemu moja ya tano ya sekunde, na watu hushangilia kipande hicho, yeye alikata karibu sekunde tatu kwa mara moja. Hakuna farasi wa vigari aliyewahi kwenda maili chini ya dakika 1 na sekunde 50 kabla yake. Inafaa kutambua kwamba ushahidi wa jaribio la namna ile ni ushahidi wa mwili mmoja: mapafu yale, moyo ule, mifupa ile, chini ya mwalimu yule, siku iliyochaguliwa. Ulionyesha upeo wa Niatross. Kuhusu mwanawe haukusema lolote.

Fedha, hata hivyo, zilikuwa zimekwisha kusema. Dalali wa hisa Louis Guida alikuwa ameingia katika umiliki wake, na ushirika uliogawana hisa za farasi huyo ulimthamini kwa dola milioni 10 hata kabla hajaanza msimu wake wa miaka mitatu. Kalenda inaonyesha uzito wa kamari hiyo. Dume aliyestaafu mwishoni mwa 1980 huanza kuzalisha majira ya kuchipua ya 1981. Farasi hubeba mimba takriban miezi 11, kwa hiyo watoto wa kwanza huzaliwa 1982. Hawaingii mashindanoni hadi watimize miaka miwili, yaani 1984. Katika muda huo wenye majike wamekwisha kufanya uamuzi wa misimu ya 1981, 1982 na 1983, na sehemu kubwa ya msimu wa 1984, bila kumwona hata mtoto mmoja akipokea zawadi. Niatross alipofikishwa katika shamba la Castleton huko Kentucky, vizazi vitatu hadi vinne vya watoto wake viliuzwa kwa nguvu ya saa ya baba peke yake.

Kisha likatokea jambo lililozidisha upofu. Kizazi chake cha kwanza kilimtoa Nihilator, na huyu alikuwa moto wa kuotea mbali. Chini ya mwalimu Billy Haughton na mwendeshaji Bill O'Donnell, alishinda mashindano ya Woodrow Wilson ya mwaka 1984, yaliyokuwa na zawadi ya zaidi ya dola milioni mbili, akafuatia na Meadowlands Pace na Little Brown Jug mwaka 1985, akawa Farasi wa Mwaka. Alishinda mara 35 kati ya 38 na kuwa wa kwanza kuvuka dola milioni tatu. Yupo pia Pershing Square, mwana mwingine wa mwanzo aliyekuwa hodari kweli. Nani angemlaumu mwenye hisa aliyefurahi mwaka ule? Lakini vizazi vilivyofuata havikumtoa Nihilator wa pili. Wateja wakahamia kwa madume mengine, kwa kuwa soko la mbegu za farasi lina tabia ya kukimbilia jina jipya, na jina la Niatross likaanza kutajwa kwa masikitiko. Naye Nihilator, aliyethaminiwa na ushirika mwingine wa hisa kwa zaidi ya dola milioni 19, alikufa mwaka 1991 akiwa bado kijana, bila kuacha mrithi wa kiwango chake. Kosa lililofanywa kwa baba likarudiwa kwa mwana, kwa karibu mara mbili ya bei.

Kuna mahali ambapo wafugaji hawawezi kufanya kosa hili hata wakitaka, na mahali hapo tunapafahamu vizuri Afrika Mashariki. Dume wa ng'ombe wa maziwa hakamuliwi. Kituo cha taifa cha uhimilishaji kilichoko Usa River, karibu na Arusha, hakiwezi kumpima dume kwa lita zake, kwa sababu hana lita. Anayekamuliwa ni mama yake, dada zake na hatimaye binti zake. Kwa hiyo sayansi ya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa duniani ilijengwa juu ya wastani wa mabinti wengi, katika mazizi mengi, chini ya malisho tofauti. Dume ambaye binti yake mmoja ni wa ajabu na wengine wa kawaida huhesabiwa kuwa dume wa kawaida. Bahati mbaya ya farasi wa mbio ni kwamba dume mwenyewe hukimbia. Kwa kuwa tunaweza kumwona akifanya kazi tunayotaka watoto wake waifanye, tunadhani tumekwisha kuona kila kitu. Ukweli ni kwamba kila mtoto hupokea nusu tu ya urithi wa baba, nusu iliyochanganywa upya kila mara, na kuunganishwa na nusu ya mama. Mchanganyiko uliomfanya Niatross awe Niatross ulikuwa mpangilio wa mara moja, uliovunjwa kila alipozalisha.

Historia ya aina hii ya farasi ilikuwa imekwisha kufundisha hayo mapema. Karibu kila farasi wa vigari wa Marekani wa leo, ukifuata baba kwa baba, unafika kwa dume mmoja: Hambletonian, aliyezaliwa mwaka 1849 katika wilaya ya Orange, New York. William Rysdyk, kibarua wa shambani, alimnunua pamoja na mama yake kwa dola 125. Farasi huyo hakuwahi kushindana rasmi. Aliacha watoto zaidi ya 1,300, na bei ya kumpandisha ikapanda hadi dola 500 kwa sababu watu waliwaona watoto wake barabarani na viwanjani. Na pale wafugaji walipoandika kanuni za daftari la uzao mwaka 1879, wakiweka dakika 2 na sekunde 30 kwa maili kuwa kipimo cha farasi wa matiti, waliacha pia mlango wa dume kuandikishwa kwa kasi ya watoto wake. Wazee wale walielewa kwamba kuna njia mbili za kujua thamani ya dume. Walioibana njia ya pili ni waliokuja baadaye.

Karibu zaidi na Niatross yupo babu yake, Meadow Skipper, aliyezaliwa mwaka 1960. Alikuwa mkimbiaji mzuri. Mwaka 1963 alikwenda maili kwa dakika 1 na sekunde 55.2. Ila aliyekuwa nyota wa kizazi chao ni Overtrick, aliyemshinda katika Little Brown Jug ya mwaka huo. Kwa saa na makombe, mtu mwenye akili angeweka fedha zake kwa Overtrick. Shambani ikawa kinyume: Meadow Skipper ndiye aliyeubadilisha uzao mzima wa farasi wa mwendo wa upande, akamzaa Albatross, na Albatross akamzaa Niatross. Upande wa pili yuko Dan Patch, aliyekuwa maarufu kuliko farasi yeyote wa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, jina lake likiuza kila kitu hadi sigara, ambaye hakuacha ukoo wa kutajwa. Na Ufaransa ilimpata Ourasi, aliyeshinda Prix d'Amérique mara nne, 1986, 1987, 1988 na 1990, rekodi ambayo taifa zima liliisherehekea. Alipopelekwa kuzalisha, uwezo wake wa kutungisha mimba ulikuwa mdogo sana na akaacha watoto wachache. Aliishi hadi Januari 2013, akiwa na miaka 32, akitembelewa na mashabiki ambao hawakuwa na haja ya kuuliza watoto wake wako wapi. Hakuna saa ya uwanjani inayoweza kuonyesha rutuba ya mbegu.

Kwa Niatross kuna sababu nyingine, na ninaiona kuwa nzito kuliko bahati ya urithi. Mafanikio ya babu yake yalikuwa yameifunga njia yake. Wakati anaanza kuzalisha, damu ya Meadow Skipper ilikuwa imeenea mno katika mashamba bora ya Marekani, kupitia kwake mwenyewe, kupitia Albatross na kupitia wanawe wengine. Jike bora aliyeletwa kwa Niatross alikuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa ndugu yake wa karibu. Yeye mwenyewe alikuwa tunda la mchanganyiko wa mbali: upande wa baba ni Meadow Skipper, upande wa mama ni Bye Bye Byrd, ukoo mwingine. Na Nihilator je? Mama yake, Margie's Melody, alikuwa binti wa Bret Hanover, mwana wa Adios, nao ni ukoo mwingine tena. Mfano mmoja hauthibitishi kanuni, nakubali. Lakini tazama ni nani walioshika nafasi ambayo Niatross alitarajiwa kuishika katika miaka ya 1980: Abercrombie wa ukoo wa Adios, na Direct Scooter. Hawa walikuwa na kitu ambacho majike waliojaa damu ya Meadow Skipper walikihitaji. Niatross aliwaletea kile walichokuwa nacho tayari.

Pingamizi kubwa linalostahili kujibiwa lina jina: Somebeachsomewhere. Farasi huyu, aliyenunuliwa kwa dola 40,000 na kundi la marafiki wa Truro, Nova Scotia, nchini Kanada, alishinda mara 20 kati ya 21 katika miaka ya 2007 na 2008, akakimbia maili kwa dakika 1 na sekunde 46.8 kwenye uwanja ule ule wa Red Mile, kisha akaenda shamba la Hanover huko Pennsylvania na kuwa mmoja wa madume bora wa karne hii hadi alipokufa kwa saratani Januari 2018. Je, si ushahidi kwamba mkimbiaji bora huwa mzazi bora? Ni ushahidi kwamba anaweza kuwa. Wala sijadai kwamba kasi haina uzito. Dume asiye na kasi kabisa hana biashara shambani. Ila kwa Somebeachsomewhere vitu viwili vilikutana. Baba yake, Mach Three, alikuwa mwana wa Matt's Scooter, mwana wa Direct Scooter, ukoo ambao haukuwa umejaza mashamba ya Marekani. Mwana wake mkuu, Captaintreacherous, alizaliwa na binti wa Artsplace, mwana wa Abercrombie. Damu mbili zilizokuwa mbali zilikutana. Na huyo Matt's Scooter, babu wa Somebeachsomewhere, ndiye aliyeishusha rekodi ya Niatross mwaka 1988 kwa kwenda maili kwa dakika 1 na sekunde 48.4. Tukiwapima kwa saa tu, Niatross, Matt's Scooter na Somebeachsomewhere wote ni wa daraja moja. Tofauti ya matokeo yao shambani lazima itafutwe kwingine, kwa majike waliowangoja.

Mwingine atasema: wenye hisa walijua ni kamari, walicheza kwa hiari, na wauzaji walilipwa, aliyeumia ni nani? Jibu langu ni wafugaji wadogo. Tofauti na farasi wa shoti wa Ngong au Kentucky, ambao sheria za uzao wao zinataka dume apande mwenyewe, farasi wa vigari wanaruhusiwa kuhimilishwa. Mbegu inayochukuliwa mara moja hugawiwa kwa majike kadhaa, na dume wa mtindo anaweza kuhudumia zaidi ya majike mia katika msimu mmoja. Hukumu ya haraka ikikosewa, haikosewi kwa jike mmoja: inakosewa kwa mamia ya watoto ndani ya misimu mitatu ya giza, na kila mmoja wao atalishwa, atafundishwa na kutibiwa kwa gharama ya mtu fulani, kisha auzwe kwa hasara jina la baba likishachuja. Kwa mtu mwenye majike mawili au matatu, ada ya dume mmoja aliyechaguliwa kwa saa yake ni mapato ya mwaka mzima.

Wala kungoja kizazi cha kwanza hakutoshi. Aliyengoja hadi 1985 kwa Niatross alimwona Nihilator, akalipa kwa furaha, na akapotea. Nyota mmoja ni habari ya nyota mmoja. Kinachotakiwa ni wastani wa watoto wote, waliofika uwanjani na wasiofika, ukilinganishwa na watoto wa majike wale wale kwa madume wengine. Na takwimu hizo zipo, kwa kuwa daftari za uzao na za mashindano za Marekani huandika kila farasi na kila mbio. Kazi ya kuzisoma hivyo ni ya kuchosha, na haiuzi hisa haraka kama picha ya farasi mmoja akivuka mstari wa mwisho. Mwaka 1996, miaka 16 baada ya siku ile ya Red Mile, Niatross alizungushwa katika viwanja vya Marekani na Kanada ili watu wamwone, na watu walikuja. Alikufa kwa saratani mwaka 1999, akiwa na miaka 22. Bei ya dola milioni 10 iliandikwa na watu, kwa hesabu yao, wakitarajia kitu ambacho saa haikuwa imewaahidi.